Mchanga wa Kumkanda Ally

Mwanza, Jumanne

Kwa Dada yangu Mwaija, Nansio.

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba goti limepata nafuu. Sisi tu wazima, isipokuwa kwa hili ninalokuandikia.

Farouk wako na Fadhila wangu walikwenda kupimwa damu kabla ya ndoa. Sikuwa na shaka. Wewe nami tuliwachagulia ndoa ya binamu ili tusiingize ukoo tusioujua. Majibu yametoka: kila mmoja amebeba nusu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wao hawaumwi, lakini mtoto wao anaweza kurithi nusu zote mbili, na huyo ataumwa.

Nilimwuliza Daktari Evelina, anayechunguza asili ya ugonjwa huu, uliingia kwetu kupitia kwa nani. Nilimtajia babu aliyetoka Umanyema, na bibi wa Tabora. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba nimeanzia karibu mno. Ulianza mbali magharibi, maelfu ya miaka iliyopita, ukaja na wakulima waliohama kizazi baada ya kizazi hadi huku ziwani. Waliobeba nusu hawakuuawa upesi na malaria. Ndiyo maana walizaa, nasi tupo. Akanitania kwamba nikitaka wa kumshtaki, nimshtaki mbu.

Hapo nilimkumbuka mdogo wetu Ally, alivyolilia miguu yake hadi alipotutoka, na watu wakasema amerogwa.

Niliwaita watoto ili niwakataze. Farouk aliinamisha kichwa. Fadhila alisema kwa upole kwamba kama babu na bibi nao wangekatazwa, asingekuwepo baba wa kumkataza yeye. Nilimwambia anyamaze. Kisha nikatafuta kalamu nikuandikie.

Dada, nilipoketi kuandika, nilikusudia kukuarifu kwamba nimeivunja posa. Sikuivunja. Ijumaa nitaushika mkono wa mwanao, nimwozeshe binti yangu, nikijua ninachokijua.

Msalimie shemeji, na wote wanaotuulizia hapo Nansio. Njoo kwa meli ya Alhamisi. Wewe ndiwe uliyemsaidia mama kupasha moto mchanga wa kumkanda Ally miguu. Mimi nilikuwa nikikimbilia nje ili nisimsikie, kwa hiyo sijui ulipaswa kuwa wa moto kiasi gani. Ukifika, nifundishe.

Ndimi mdogo wako,
Yassin