Wanachama Waliohukumiwa

Jumatano, Muyinga

Wanachama wameongezeka tena leo, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuingia.

Nilipoanzisha klabu ya mazingira tulikuwa wanne, wote kwa hiari, tukipanda miche nyuma ya madarasa na kubishana nani kapanda kombo. Prefe wa nidhamu, yule bwana anayetoa adhabu shuleni, alipita, akatazama, akapenda. Tangu siku hiyo anayechelewa kengele anaambiwa, "Nenda kwa mazingira." Anayeongea darasani, mazingira. Aliyemchora mwalimu na pembe, mazingira wiki mbili.

Mimi ndiye naandika majina na kugawa majembe. Wananiita Madamu Gereza. Wale watatu wa mwanzo wameshatoroka.

Leo kaletwa Belyse, rafiki yangu niliyetoka naye kwetu Itaba hadi bweni hili, kitanda chake juu, changu chini. Alichelewa dakika mbili.

"Mi iko mfungwa wako leo, dada," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka, na hajanisemesha tangu hapo.

Jioni nikaenda kwa prefe. "Bwana Prefe, naomba kuacha klabu."

"Kuacha kazi uliyoianza mwenyewe? Alors, huo ni utovu wa nidhamu, binti. Na watovu wa nidhamu tunawapeleka wapi?"

Ikabidi nijibu mwenyewe, tena kwa heshima: "Kwa mazingira."

Sasa naogopa kesho. Belyse ana mashimo kumi ya kuchimba. Nimemwekea pembeni jembe jepesi, lenye mpini laini. Namjua. Ataliona, ataniangalia, kisha atachukua lile bovu.