Picha Uliyoniazima

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi, bado yanagombana na ngazi? Mimi na cherehani yangu hatujambo, ila yenyewe hupata mafuta kila wiki na mimi sipati.

Barua zako tatu nimezipata. Zote zinauliza jambo moja, na zote nilizijibu kwa habari za mvua. Leo nitakujibu, lakini niache nianzie mbali kidogo, maana ninakokwenda nakuogopa.

Uliponiazima picha ya marehemu mama, ile ya pekee, nikuchoree kubwa ya ukutani, sikujua hata kushika penseli. Nilianza na video za kwenye simu. Mwalimu anachora yai, nageuka kuwasha pasi, nikirudi yai limekuwa simba. Nikaenda maktaba, nikaazima kitabu cha zamani kinachofundisha kuigawa picha kwa miraba midogo, kisha kunakili mraba mmoja mmoja. Hicho nilikielewa haraka, kwa kuwa kinafanana na kukata nguo.

Mkutubi ndiye aliyenielekeza kwa wachoraji wanaokutana chumba cha nyuma kila Jumamosi mchana. Tuko saba. Anayetuongoza ni mzee aliyestaafu kuandika mabango ya maduka, tunamwita Penseli kwa wembamba wake. Ana sharti moja: marufuku kumwambia mwenzio kazi yake ni nzuri. Unasema unachokiona tu. Siku ya kwanza nilichora kiatu, na mama mmoja muuguzi akasema anaona kiazi chenye kamba. Tulicheka mpaka mkutubi akaja kutunyamazisha. Nimewapenda watu hawa, dada.

Jumamosi iliyopita niliwapelekea mama. Penseli akasema anaona kitambaa cha kichwa kilichofungwa na mtu anayejua kufunga, na mabega yaliyobeba mengi. Muuguzi akasema kwa upole kwamba uso anaouona ni wa mtu yeyote tu. Akaniuliza nilikuwa natazama nini nilipouchora. Nikakusanya karatasi zangu nikaondoka.

Dada, picha haipo tena. Kitabu kilisema miraba ichorwe kwenye nailoni inayotandazwa juu ya picha. Mstari huo niliuruka. Miaka ishirini nimezoea kupiga mistari juu ya kitambaa chenyewe, mkono ukaenda kwenye picha yenyewe, tena kwa kalamu ya wino. Nilipozinduka nikachukua dawa ninayotolea madoa. Wino ukatoka, na uso wa mama ukatoka nao. Nililia pale dukani, wateja wakadhani nimefiwa. Hawakukosea.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka miwili. Uso wake niliujua kwa picha ile tu. Wewe ulikuwa na kumi na mmoja. Ndani ya bahasha hii kuna mchoro wangu: kitambaa, shingo, mabega. Uso nimeufuta. Najua nimekukosea, na nimekuficha miezi minne, jambo baya kuliko kosa lenyewe. Nakuomba uniandikie nyusi zake zilikuwaje, na akicheka mdomo ulikwenda upande gani. Andika hata kwa matusi, ila andika.

Msalimie shemeji, mwambie suruali yake iko tayari. Wanao wabusu. Mama amebaki kichwani mwako tu, dada. Usininyime.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi