Sikumtaja Jina

Moshono, Arusha
Jumapili jioni

Kaka yangu Fidelis,

Shikamoo. Aliyekukabidhi bahasha hii ni Mwalimu Zuhura, mwenzangu kazini, ambaye kwao ni Tunduru na anakwenda likizo akipitia hapo kwenu. Hayuko peke yake. Kabla hujasoma zaidi ya hapa, wakaribishe ndani wote wawili, wapewe maji na mahali pa kukaa. Wametoka Arusha kwa basi, na wewe unajua njia hiyo ilivyo ndefu. Barua itakungoja.

Sasa ninaendelea. Mama hajambo? Ule mguu wake umepata nafuu, au bado anakataa kwenda hospitali akisema kwamba ni uzee tu? Mahindi mmekwisha kuyapukuchua? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya mwezi huu imekuwa kali, na Mlima Meru sijauona kwa wiki mbili. Wingu limeushukia mpaka kwenye migomba. Ninafundisha nikiwa nimevaa koti. Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako huwezi kuisikiliza bila kuiweka kwenye spika, na ninayoyasema hapa si ya kusikilizwa na nyumba nzima pamoja na majirani.

Nimeondolewa katika nafasi ya mwalimu wa malezi, kaka. Isitoshe, juzi nimepewa barua ya uhamisho. Ninatakiwa kuripoti upande wa Longido, miezi minane kabla ya kustaafu. Wewe ulizoea kuwaambia watu kwamba dada yako atastaafu kwa heshima kubwa. Usiwaambie tena.

Kwetu shuleni, muhula unapofunguliwa, wasichana hupimwa mkojo ili ijulikane kama yupo mwenye mimba. Kuwapeleka zahanati ilikuwa kazi yangu. Safari hii alipatikana mmoja, wa kidato cha tatu. Jina lake sitaliandika. Mwanamume mwenyewe, mtu mzima mwenye mke wake, amekwisha kuhama mji. Baba wa binti unamjua kwa sifa, kwa maana nilikuandikia habari zake: ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwenye duka la vipuri vya magari huko Sakina. Ni yule anayetuongoza rozari kila Jumamosi alfajiri, na tunapofika kwenye maombi ya watoto wasiozaliwa, sauti yake huwa kubwa kuliko ya wote.

Alikuja ofisini kwangu siku ya pili yake. Alivaa suti.

“Mwalimu, sisi ni watu wazima, tuelewane,” alisema. “Mpe binti ruhusa ya wiki moja. Andika kwamba ana malaria.”

“Ana malaria?”

“Mwalimu, usinifanye mtoto.”

“Na hiyo malaria itatibiwa na nani?”

“Kuna kijana mmoja ana duka la dawa. Hilo niachie mimi. Wewe andika tu.”

“Na Jumamosi tutawaombea watoto wasiozaliwa?”

Aliinuka, akafunga kifungo cha koti. “Mama, mambo ya jumuiya yaache kwenye jumuiya. Hapa ni shule ya serikali.”

Sikuandika. Kitabu cha ruhusa nilikifungia kwenye droo, na ufunguo nikaondoka nao. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na jambo la kukuandikia.

Kesho yake nilikuwa mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu ndiye anayezungumza na wanafunzi mstarini asubuhi. Sikuwa nimelala vizuri. Yale maneno ya “wewe andika tu” yalikuwa bado yananichoma. Badala ya kusema habari za usafi na kuchelewa, niliiambia shule nzima kwamba aliye tumboni ni mtu. Nilisema kwamba hana jina wala namba ya usajili, lakini ni mtu, na anayemwondoa amemwondoa mtu. Nikaongeza kwamba kama kuna mzazi anayemwambia mwanawe kuwa hiyo ni malaria, mzazi huyo ni mwongo.

Sikutaja Mungu. Sikutaja kanisa. Sikumtaja msichana yeyote kwa jina. Niliondoka pale mbele nikiwa nimejiridhisha kwamba nimesema kweli yote bila kumwumbua mtu.

Kabla ya mapumziko ya saa nne walikuwa wamekwisha kumjua. Wasichana walikaa wakakumbushana nani aliitwa ofisini kwangu mara mbili wiki ile, na aliyeitwa mara mbili alikuwa mmoja tu. Wavulana wa kidato cha nne wakasimama kwenye dirisha la darasa lao, na kila alipopita wakaimba, “Malaria, malaria!” Mimi nilikuwa chumba cha pili, ninasahihisha insha. Nilisikia kelele, nikadhani ni za mpira. Binti akachukua mkoba wake akatoka getini, na kwao hakufika.

Mchana baba yake alikuwa kwa mkuu wa shule. Malalamiko yake yalikuwa mawili. La kwanza, nimemdhalilisha mtoto wake, na hilo lilikuwa kweli. La pili, nimehubiri dini katika shule ya serikali. Kaka, yule mwenye rozari!

Mkuu wa shule aliniita. “Mwalimu, serikali haina dini.”

“Nimetaja dini ipi?”

“Kila mtu anajua wewe ni Mkatoliki. Ukisema mambo hayo, ni kanisa limesema.”

“Basi na sarufi ninayowafundisha ni ya Kikatoliki?”

Hakucheka. Aliniambia nikabidhi funguo za ofisi ya malezi kabla ya saa kumi.

Nilikwenda kwenye chama cha walimu. Tangu nilipoajiriwa nimekuwa mwanachama. Sijawahi kukosa mkutano wa tawi, na wengine walipokuwa wakigombea viti mimi nilikuwa nikiandika mihtasari yao. Nikaomba jambo moja tu: tawi liandike kwamba mwalimu hawezi kuadhibiwa kwa kusema analoliamini, wala kwa kukataa kuandika uongo katika kitabu cha shule. Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha walimu. Katibu wa tawi ni kijana niliyemfundisha mwenyewe.

“Mama,” alisema huku ameketi, “chama kinatetea mishahara, madaraja na likizo. Mimba si ajenda.”

“Ajenda ni mwalimu kuonewa.”

“Umejionea mwenyewe, mama. Nani alikutuma mstarini?” Watu wakacheka.

Unajua kwamba kila Jumatano sisi walimu Wakristo hukutana baada ya vipindi kwa ajili ya sala. Tuko saba pamoja nami. Wote walikuwamo chumbani humo. Niliwatazama mmoja mmoja. Wawili walikuwa wakisoma simu zao. Mmoja alitazama kalenda ukutani kana kwamba ilikuwa imetundikwa siku hiyo. Yule anayetuongoza nyimbo alinyoosha mkono. Moyo wangu ukafurahi. Kumbe alikuwa anaomba dirisha lifungwe kwa sababu ya baridi.

Aliyesimama ni Zuhura. “Dini yangu ni nyingine,” alisema, “lakini mtoto aliye tumboni sijasikia kwamba ana dini. Na mwalimu aliyeambiwa aandike uongo akakataa, chama kisipomtetea huyo kitamtetea nani?”

“He! Mwalimu Zuhura, umebatizwa lini?” katibu akauliza.

“Siku ile ambayo wewe utajifunza kusimama unapozungumza na wakubwa zako.”

Wakacheka tena, na mkutano ukaahirishwa. Barua ya uhamisho ilikuja baada ya siku tisa.

Siku ile ya mkutano tuliondoka pamoja na Zuhura. Nilidhani atanifariji. Tulipofika kwenye njia panda akasema, “Dada, ulilolisema ni kweli. Umeiambia shule nzima. Na yule mmoja, ulimwambia nini?”

Nilikuwa nimemwita ofisini mara mbili, kaka. Mara ya kwanza nilimpa kikopo. Mara ya pili nilimsomea majibu, nikamwambia arudi darasani.

“Yuko kwangu,” Zuhura akasema. “Siku ya tano leo. Mama yake anajua.”

Nilimkuta anachambua mchele. Alisimama akasema shikamoo, kama wanafunzi wanavyofundishwa. Nilimwomba radhi, naye alinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. Kisha nikamwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

“Hujawahi kuniuliza, mwalimu,” alisema. “Baba alisema nitoe. Wewe ukasema nisitoe. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kunificha tu.”

“Na sasa?”

“Zile dawa simezi. Naziogopa, na huyu naye amekwisha kuanza kucheza. Nitamzaa. Ila si hapa, mwalimu. Pale mstarini sirudi.”

Nilishindwa kulala siku hiyo kwa sababu ya mwingine. Miaka ile ambayo mwenye mimba alikuwa anafukuzwa moja kwa moja, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga mstari mwekundu kwenye rejista. Palikuwa na mmoja ambaye alinishika mkono akasema, “Mwalimu, nikienda nyumbani wataniua.” Nikamwambia kwamba sheria ni sheria. Baadaye tulisikia kwamba alimwendea mwanamke fulani mwenye mizizi, akafa yeye na aliyekuwa tumboni. Jumapili ile nilikwenda kanisani nikapokea komunyo kama kawaida. Nilikuwa nikiamini wakati huo haya haya ninayoyaamini leo, wala sikuona kwamba yananihusu.

Ninayaamini bado. Usije ukadhani kwamba ninakuandikia ili kukuambia kwamba nimebadilika. Aliye tumboni ni mtu. Lakini nimechoka kulisema, nimechoka na wanaolisema, na katika hao mimi ni wa kwanza.

Mama wa binti alikuja kwa Zuhura na mfuko wa nguo na kanga mbili. Mumewe amesema kwamba binti atalala kwake baada ya kumaliza lile jambo, vinginevyo asikanyage. Nikaanza kumtafutia chumba. Nilidhani hiyo itakuwa kazi rahisi kuliko zote, kwa sababu ninawajua Wakristo wengi wenye nyumba kubwa. Nilikwenda Njiro kwenye nyumba yenye vyumba vitano na mbwa wawili; mama mwenye nyumba akasema kwamba wanatarajia wageni. Nilikwenda kwa mwingine aliyewahi kutoa semina juu ya uhai parokiani. Akasema jambo hili linahitaji busara, akanishika mikono tukasali. Wa tatu naye tukasali. Kaka, nimesaliwa wiki hii kuliko maiti. Chumba sikupata. Mimi mwenyewe, huko ninakopelekwa, nitagawana chumba kimoja na walimu wawili. Na hapa Moshono baba yake anapita mlangoni kwangu kila siku akienda dukani.

Sasa umekwisha kuelewa. Huyo aliyekaa karibu na Zuhura ndiye. Mama yake ameridhia, na ndani ya bahasha hii imo karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, pamoja na namba yake ya simu. Atajifungua mwezi wa kumi na moja. Siku hizi serikali inaruhusu msichana arudi shule baada ya kujifungua, nami nitafuata habari hiyo mpaka apate nafasi huko kwenu, mbali na wanaomjua. Mimba ikifika mwezi wa nane nitakuja nimwone.

Umekuwa katekista miaka mingi, kaka. Nilikaa kwenye benchi la mbele nikakusikia ukiwafundisha vijana habari ya uhai, nami nikajivunia kuwa dada yako. Sikuombi sala. Ninaomba kile chumba cha uani, ambacho mnawekea mbegu. Ukiona kwamba watu wa parokia watakusema, jua kwamba watakusema kweli. Ukishindwa, usimpe sababu. Mwache alale usiku mmoja, na asubuhi Zuhura ataendelea naye mpaka Tunduru, kwa mama mzazi wa Zuhura. Mama huyo hajawahi kuniona, na ameshatandika kitanda.

Msalimie mama, umwambie kwamba chai ya binti huyu isitiwe maziwa, inamtapisha. Msalimie wifi yangu, ambaye najua ataamua kabla yako. Binti yako muuguzi, mwambie kwamba shangazi anamwomba ampeleke kliniki mapema bila kumwuliza mbele za watu. Baba mdogo naye, fundi seremala, umsalimie kwa heshima. Kama ana mbao zilizobaki, kile chumba kina dirisha bovu.

Na wewe, ukiisha kuikunja barua hii, mgeukie umwulize jina lake, akutajie mwenyewe. Mimi sikuliandika humu. Nilikwisha kulitangaza mara moja bila kulitaja.

Ni mimi dada yako, niliyekaa mbali kuliko nilivyodhani,

Mwalimu Skolastika