Jino Lililozidi Kimo

Mkuyuni, Mwanza

Mama Neema, mke wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Kasulu. Neema amepona kikohozi? Na mama, miguu inamwendeaje? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ingawa barua yako imenikosesha raha. Unaniuliza kama ni kweli aliyoyasema Ezekieli, mwenzangu wa kazini, alipokuja huko likizo, kwamba mumeo amebaki mifupa. Kukonda nimekonda. Ila ngoja nikueleze yalivyoanza.

Gego langu la chini lilioza. Kwa kuwa siku hizi madaktari wameruhusiwa kufungua zahanati zao, nikaenda kwa mmoja hapa mtaani. Akanidunga sindano ya ganzi, akalisafisha, akaliziba. Akaniambia niume, akauliza, "Yanakutana vizuri?" Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, sikujua hata kama nina ulimi. Nikajibu, "Vizuri sana, daktari, asante." Utambishia vipi mtu aliyetoka kukutibu?

Ganzi ilipoisha nikaona jino lile linagonga kabla ya mengine. Lilizidi kidogo tu, unene wa ukucha, lakini ugali ukawa adui. Taya liliuma mpaka sikioni, nikawa mtu wa uji na chai. Kiwandani kwetu, kwenye minofu ya sangara, tunakula sinia moja. Wenzangu walipoona mashavu yamebonyea wakaanza kunitengea sahani yangu peke yangu. Iliniuma kuliko jino, mke wangu. Hakuna aliyetamka ukimwi, lakini kila mtu alikuwa anawaza huohuo.

Mwisho nikarudi kwa daktari. Akaguna, "Mbona hukusema, ndugu yangu? Meno ni kama mafiga. Moja likizidi kimo, chungu chote kinalielemea hilo, na mwisho linapasuka." Akaniwekea karatasi ya kaboni katikati ya meno, nikauma na kusaga huku na huku. Buluu ikabaki sehemu moja tu, juu ya pale alipoziba. Akapasugua kwa mashine, nikauma tena, akasugua tena, mpaka buluu ikatapakaa magego yote. Siku hiyohiyo nilikula ugali kwa mapanki, yale mabaki ya sangara tunayouziwa, nikacheka peke yangu.

Hapo ningeweka kalamu chini, nawe ungewajibu watu kwamba ni jino. Nimetamani sana iwe hivyo. Lakini tangu masika yalipokwisha natafuna sawasawa, namaliza ugali wa watu wawili, na suruali bado nafunga kwa kamba. Jumatatu nakwenda kupima damu. Naogopa, Mama Neema. Naogopa zaidi kwa sababu Krismasi tulikuwa pamoja. Pale hospitali ya misheni wanapima. Nenda na wewe, usingoje majibu yangu.

Nisalimie baba mkwe, umpe shikamoo yangu, na shemeji yangu fundi baiskeli. Neema mpakate kwa niaba yangu. Mama msomee habari za jino, uishie pale nilipocheka.

Mumeo,
Baba Neema