Gunia Nililolivisha Kitenge

Hedwiga pokea simu basi! Nimekwisha.

Lile gunia la mbolea nililotoa sadaka Jumapili, likanadiwa nje baada ya ibada, Mama Mchungaji akalinunua watu wakapiga vigelegele? Silo. SILO HEDWIGA.

Leo Lemomo wa stoo ya kazini ananiuliza, "Dada, gunia la kamba nyekundu liko wapi?"

Kamba nyekundu! Ni uchafu wa vyoo ambao haujaiva, mayai ya minyoo bado yako hai humo. Iliyoiva tunaifunga kamba ya kijani. Na mimi nikajifanya najua kupamba, nikalivisha gunia kitenge ili lipendeze madhabahuni. Kamba nimeifunika kwa mikono yangu mwenyewe.

Miaka miwili nawaambia watu wa kanisani mbolea tunayotengeneza kwa uchafu wa vyoo hapa kazini Terrat ni salama. Miaka miwili!

Nimempigia Mama Mchungaji. Nikamwambia asiguse kitu cha bustanini. Akasema, "Tulia mwanangu, mimi nimeweka kwenye migomba tu." Nikalia kwa furaha, yaani nimelia kabisa.

Halafu akasema, "Iliyobaki nilimpa rafiki yako Hedwiga."

Ile picha uliyonitumia asubuhi, mwanao Nalepo anang'oa karoti na kuitafuna hapo hapo na udongo wake. Mimi nikakujibu kwa vicheko.

Niambie hukuiweka kwenye karoti.

Naona tiki za bluu. Hedwiga, andika chochote.