Mafuta ya Kondoo kwenye Klachi

Alhamisi

Sijamwambia mtu yeyote kwamba huwa najipenyeza chini ya pikapu anayoiendesha baba. Leo nimeyaona mwenyewe: grisi ilipomwishia, kaka Elifasi, anayemsaidia baba kuitunza, alipaka mafuta ya kondoo kwenye kiungo cha pedali ya klachi. Kwa baridi yetu ya asubuhi yanaganda, pedali inanasa chini. Baba akiipeleka gereji, kwenye jua la Kisongo, yanayeyuka, fundi haoni kitu.

Eti baba ana mguu mzito, ndiye anayeharibu klachi! Kesho tajiri mwenye pikapu anamfukuza kazi, naye anaitikia tu, "Ndiyo, bwana."

Nilipofungua mdomo kaka akacheka: "We msichana, klachi umeijulia wapi? Kamenye ndizi!"

Ndizi! Wakati yeye ndiye...

Baba anakuja, nasikia viatu vyake. Kusema siwezi. Lakini ukurasa huu siufichi. Asome.