Ua la Sihami kwenye Kaburi la Idi

Jumatatu, 1 Septemba
Nimefungua kitalu, nimefagia, nimemwagilia. Lile ua jipya limechanua upande wote wa barabarani. Jekundu. Bosi amelipa jina la Sihami. Limetoka nyanda za juu. Anasema ukilipanda mara moja basi, linachanua mwaka hadi mwaka. Miche niliyoijaribu kwa maji ya chumvi imenyauka yote. Nilimwonyesha. Akacheka.
"Wewe karani au bwana shamba? Nani anamwagilia maua maji ya bahari?"
Watu wa delta, ningemjibu, ambako bahari hupanda hadi mashambani. Lakini kazi naihitaji. Wenye vyeti kama changu wamejaa hapa Kibiti, na bosi hachoki kunikumbusha.

Alhamisi, 4 Septemba
Bi Zaituni kaja kutoka Maparoni, huko delta. Huchukua miche kwetu, akaiuza huko kijiji hadi kijiji. Leo kachukua Sihami tupu. Mche mmoja kauweka kando: wa kaburi la mwanawe Idi, aliyefariki mwaka jana. Makaburi yao hayajengewi. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, likipanda linasawazisha matuta, unabaki mmea wa kichwani tu kuonyesha kaburi. Kwa Idi upo mkonge.
"Una miba kama wa kuzuia mbuzi," alisema. "Nitaung'oa, niweke hili. Linastahimili maji ya chumvi, mwanangu?"
Bosi alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akipumua.
Nikasema linastahimili.

Ijumaa, 5 Septemba
Sijala. Simu ya Bi Zaituni haipatikani. Nimejaribu tena. Haipatikani.

Jumapili, 7 Septemba
Mwezi mpevu. Nimekwenda bandarini Nyamisati, nimempa nahodha wa boti ya Maparoni ujumbe: mama asiung'oe mkonge. Nikamsihi asiseme umetoka kwa nani. Hata hapo niliogopa.

Jumatano, 10 Septemba
Nahodha kapiga. Mkonge ulishang'olewa, ukatupwa mtoni. Bamvua limepita juu ya makaburi. Anasema ua bado lipo, limeinama kidogo. Kidogo. Najua mwisho wake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilimwona Bi Zaituni akivuka barabara, nikaingia stoo. Aibu tupu. Bosi alimwambia hakulitunza ua. Mama hakupandisha sauti.
"Lilikauka. Juzi bamvua likaja, likalibeba. Sasa kaburi silioni."
Bosi akasema atampa mche mwingine bure.
"Niuweke wapi, bwana?"
Nikatoka. Nikasema nilijua, nilijua tangu siku ile aliponiuliza.  Bosi akaniambia niache funguo mezani. Bi Zaituni akaniuliza kama nina mkonge.

Jumapili, 12 Oktoba
Maparoni. Mkonge nimeupata uani kwa jirani yetu, nikaubeba mwenyewe.
Makaburini pamebaki tope tambarare. Bi Zaituni alisimama alipodhani ndipo. Akasogea. Akarudi. Upande ule wamezikwa watoto watatu. Tulikaa chini, tukasoma Yasini. 
Nikamuuliza niuchimbie wapi.
"Hapo katikati. Nitawaombea wote."
Hakunilaumu hata kidogo. Alinishikia mkonge, miba ikamchoma, hakuuachia. Nikachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa laini.
Sikuthubutu kwenda chini sana, nisije nikawafikia watoto.